Simu Ikijizima Katikati ya Muamala, Ituambie Sababu

"Ilizima tu."

Hayo ndiyo maneno tunayoyasikia mara kwa mara kwenye laini yetu ya huduma kwa wateja. Mama yuko sokoni, magunia mawili ya viazi yameshapakiwa kwenye mkokoteni, ameweka nambari ya siri, amebonyeza "Tuma", na papo hapo simu inaganda. Skrini inakuwa nyeusi. Baada ya muda nembo ya kampuni ya simu inajitokeza, kana kwamba hakuna lililotokea. Muuzaji anangoja. Mwenye mkokoteni anangoja. Na mama hajui: pesa zimeenda ama hazijaenda?

Anatupigia kwa simu ya jirani. "Pole sana mama. Simu ilifanya nini hasa?" Anajibu, "Aki sijui mwanangu, ilizima tu."

Kuhusu pesa zake tunaweza kumjibu mara moja, kwa sababu rekodi tunayo. Kuhusu simu yake hatuna la kumwambia. Fundi naye hana. Atamwambia "hii ni betri", na kama si betri, wiki ijayo mama atarudi na simu ile ile, na mia tano zake zimeshakwenda.

Msimamo wetu ni huu: "ilizima tu" si jibu la kuridhika nalo. Mara nyingi simu yenyewe inajua kwa nini ilizima, na imeshaandika mahali. Tatizo ni kwamba haikuambii wewe mwenyewe uliyeinunua.

Kerneli ni nani humu ndani?

Simu yako ya Android ina programu nyingi unazoziona: ya kupiga picha, ya kuchati, ya kutuma pesa. Chini yao kuna moja usiyoiona, inaitwa kerneli. Hiyo ndiyo inayoamua programu gani ipewe nafasi kwenye kumbukumbu, nani aguse skrini, nani atumie mtandao, nani aandike kwenye hifadhi. Kerneli ya Android ni Linux, ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Ufini. Ndiyo hiyo hiyo inayoendesha seva nyingi duniani, na zetu zikiwemo. Zile kabambe za vibonyezo nyingi zina mfumo mwingine mdogo zaidi, lakini nazo huganda na kujiwasha upya vivyo hivyo.

Programu ya kawaida ikikosea, kerneli inaifunga peke yake na simu inaendelea. Si umewahi kuona ule ujumbe kwamba programu fulani imesimama? Hapo kerneli imefanya kazi yake. Shida kubwa ni kerneli yenyewe ikikosea, kwa mfano kisehemu kinachoendesha kamera au Wi-Fi kikijaribu kusoma mahali kwenye kumbukumbu ambapo hapapo. Juu ya kerneli hakuna mkubwa mwingine wa kuinusuru. Kosa likiwa dogo, inaweza kuikata programu iliyohusika na kuendelea kwa kuchechemea. Likiwa kubwa, inasimamisha kila kitu. Mafundi huita hali hiyo "paniki", na jina limeitosha.

Kwa nini haiandiki kilichotokea?

Utauliza, sasa kama inajua imekosea, si iandike tu kwenye hifadhi ya simu kabla ya kuzima?

Hebu fikiria chama chenu. Mweka hazina ndiye mwenye kitabu na kalamu, na hakuna mwingine anayejua kuandika humo. Katikati ya mkutano anapatwa na kizunguzungu, macho hayaoni vizuri. Je, mtamwambia aandike kwanza kilichomtokea ndani ya kitabu hicho cha michango? La hasha. Anaweza kuandika juu ya hesabu ya mtu. Kerneli ni hivyo hivyo. Ndiyo inayojua kuandika kwenye hifadhi, na ikishaharibika kichwa haiaminiki tena na kalamu. Ikilazimisha, inaweza kuharibu picha zako na ujumbe wako. Ndiyo maana kwa miaka mingi kompyuta na simu zimekuwa zikianguka na siri yake mdomoni.

Wahandisi wameitafutia hali hii njia kadhaa. Tutataja tatu, kwa sababu zinaonyesha kwamba jambo tunalolidai linawezekana.

Ya kwanza inaitwa kdump, na imo kwenye Linux tangu mwaka 2005. Ni kama chama kuwa na mweka hazina wa pili anayekaa kwenye kona yake, hana kazi yoyote, anangoja tu. Kompyuta ikiwashwa, sehemu ya kumbukumbu inatengwa na kerneli ndogo ya pili inawekwa humo. Ya kwanza ikianguka, ya pili inaamka ikiwa na akili timamu, inakusanya yaliyokuwa kwenye kumbukumbu wakati wa ajali, inayaandika kwenye faili, kisha inawasha mashine upya. Kwa faili hilo mhandisi anaweza kufuata nyayo moja moja: nani alimwita nani, hadi pale mguu ulipoteleza. Gharama yake ni ile kumbukumbu inayotengwa. Ukitenga megabaiti 256 kwenye seva kubwa, huisikii. Ukizitenga kwenye simu ya bei nafuu yenye gigabaiti 2, umechukua sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote ikae bure.

Ya pili ndiyo inayoifaa simu. Inaitwa ramoops, chini ya mpango uitwao pstore. Badala ya kuweka mweka hazina wa pili, unatenga kipande kidogo sana cha kumbukumbu ambacho hakifutwi simu ikijiwasha upya bila umeme kukatika. Kerneli inapoanguka inaacha humo maneno yake ya mwisho. Simu ikiamka, mfumo wa Android unayasoma na kuyanakili mahali salama. Umeme ukikatika kabisa kabla ya hapo, yanapotea.

Ya tatu inahusu kompyuta za mezani. Zamani Linux ikianguka, kompyuta yenye skrini ya kisasa ilikuwa inaganda tu kama picha ukutani. Toleo la 6.10, lililotoka Julai 2024, lilileta njia ya kerneli kuandika ujumbe wake wa mwisho kwenye skrini hata ikiwa imeanguka. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi Jocelyn Falempe wa Red Hat. Toleo la 6.12 la Novemba mwaka huo huo likaongeza msimbo wa QR: unaelekeza kamera ya simu kwenye kompyuta iliyoanguka, na ripoti ya kosa inafunguka kwenye simu yako. Hakuna tena kupiga picha ya maandishi yasiyosomeka na kumtumia fundi kwenye WhatsApp. Windows ilikuwa imeweka msimbo wa QR kwenye ile skrini yake ya buluu tangu mwaka 2016, ingawa wa kwao ulikuwa unakupeleka kwenye ukurasa wa msaada wa jumla tu.

Kumbe simu inajua

Hapa ndipo hoja yetu ilipo. Android huweka kumbukumbu ya sababu ya kuwashwa upya. Tangu Android 9, Google imepanga vizuri namna ya kuiandika: kama ni mwenye simu aliyeizima, kama betri iliisha, kama joto lilizidi, kama mfumo uliganda hadi mlinzi wake wa ndani akaukata, au kama kerneli ilipaniki. Ni neno moja au mawili, limekaa humo ndani ya simu ya yule mama pale sokoni.

Lakini simu ikiamka inamwonyesha nini? Picha ya wajukuu na saa. Basi.

Tunaona hilo si haki. Neno hilo moja lingebadilisha mengi. Ingekuwa ni joto, angejua asiiweke simu juani juu ya meza ya biashara. Ingekuwa ni betri, angeenda kwa fundi akijua anachokwenda kununua. Ingekuwa ni kerneli, angejua kwamba betri mpya haitasaidia, bali atafute sasisho la mfumo, au airudishe dukani kama waranti haijaisha akiwa na ushahidi wa kuonyesha. Kwa sasa muuzaji anamwambia "umeiangusha hii", na mama hana la kujibu.

Kuna jingine linalotuuma zaidi. Pale mteja asipojua kilichotokea, tapeli hupata nafasi. Anapiga simu: "Tumeona simu yako imezima ukituma pesa, tunataka kurekebisha, hebu tupe nambari ya siri." Mtu aliyechanganyikiwa ni rahisi kumwamini yeyote anayeonekana kuwa na maelezo. Simu ikikwambia yenyewe "nilijiwasha upya kwa sababu mfumo ulipata hitilafu", tapeli anakosa pa kuingilia.

Somo la Julai 2024

Kama unadhani haya ni mambo ya mafundi tu, kumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike ilisambaza sasisho dogo kwa kompyuta za Windows. Programu yao hukaa ndani kabisa, kwenye kerneli. Sasisho lilitarajia vipengele 21 vya taarifa, na programu ilikuwa inaleta 20. Ilipojaribu kusoma cha 21 ambacho hakikuwepo, kerneli ikaanguka. Kompyuta ikajiwasha, ikasoma sasisho lile lile, ikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kompyuta zilizopata ajali hiyo kuwa milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali na benki za nchi mbalimbali zikasimamisha huduma.

Sasisho liliondolewa baada ya dakika 78. Ripoti za ajali zilizobaki kwenye mashine ziliwaonyesha wahandisi kisehemu gani kimeanguka na kikiwa kinafanya nini, na siku hiyo hiyo dunia nzima ilijua ni faili gani la kufuta. Bila ripoti hizo watu wangebaki kukisia, huyu akisema ni virusi, yule akisema ni umeme. Lakini tuwe wakweli: kujua ugonjwa si kupona. Kompyuta nyingi zilibidi zifuatwe moja moja na mtu mwenye mikono, ndiyo maana wengine walichukua siku kadhaa. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba skrini ya buluu inakuwa nyeusi, yenye maneno machache, ikionyesha namba ya kosa na kisehemu kilicholeta shida. Ni hatua nzuri. Kwa simu tunadai kitu cha aina hiyo hiyo.

Na sisi tusijitoe

Tusije tukaonekana tunanyooshea wengine kidole. Kuna wakati seva yetu moja ilikuwa inajiwasha upya usiku, bila sababu. Pesa za wateja hazikuguswa, maana seva nyingine huichukua kazi mara moja. Lakini mara ya kwanza tulisema ni umeme. Mara ya pili tukasema ni joto. Mara ya tatu tukabadilisha kifaa kizima, na bado. Ndipo mmoja wetu akauliza: jameni, ile kdump iliwekwa kweli? Haikuwekwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye orodha ya kazi, na hakuna aliyeimalizia. Tukaiweka, tukaijaribu kwa kuiangusha seva makusudi, ikaandika ripoti. Ilipoanguka yenyewe mara ya nne, faili likatuonyesha kosa lilikuwa kwenye kisehemu kinachoendesha kadi ya mtandao. Sasisho moja, na usiku ukatulia.

Majuma yote hayo tulikuwa kama yule mama: "ilizima tu". Kwa hiyo tunaposema ripoti ya ajali ni muhimu, tunasema tukiwa tumeungua kidole.

Lakini je, siri zangu?

Hili ni swali la haki, na mteja mwenye akili ataliuliza. Ripoti ya ajali ni picha ya yaliyokuwa kwenye kumbukumbu. Na kwenye kumbukumbu kunaweza kuwa na ujumbe wako, majina ya watu wako, hata nambari ya siri uliyotoka kuiandika. Faili kama hilo likitoka nje ovyo, dawa imegeuka sumu.

Hofu hii si ya kubuni. Septemba 2023 Microsoft ilipoeleza jinsi wadukuzi walivyopata ufunguo wa siri na kuingia kwenye barua pepe za wateja wake, maafisa wa serikali ya Marekani wakiwemo, maelezo yake yalikuwa kwamba ufunguo huo pengine ulijipenyeza ndani ya ripoti ya ajali ya Aprili 2021, na ripoti ikahamishwa kutoka eneo lenye ulinzi mkali. Machi 2024 ikaongeza kwamba haijaipata ripoti yenye ufunguo huo. Hata hivyo, kampuni kubwa kiasi hicho kuliona jambo hilo kuwa linawezekana kunatutosha kuwa waangalifu.

Kwa hiyo hatusemi kila kitu kikusanywe. Tunasema kikusanywe kinachotosha. Ili kujua kerneli iliteleza wapi, mara nyingi inatosha ile orodha ya nyayo na mistari ya mwisho ya kumbukumbu ya matukio, si picha zako wala ujumbe wako. Linux ina zana ya kuchuja ripoti ya kdump na kuacha nje kurasa za programu za mtumiaji, na kwenye seva zetu ndivyo tunavyofanya. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inataka hivyo: chukua data inayohitajika kwa kazi husika, usizidishe. Na kupelekwa kwa ripoti nje ya simu kuwe kwa idhini yako, kwa lugha unayoielewa, si kijisanduku kilichowekwa alama tayari.

Tunachodai, na tunachodaiwa

Kwa watengenezaji na waagizaji wa simu, hasa zile za bei nafuu ambazo wengi wetu ndizo tunazozitumia: simu ikiamka baada ya kuanguka, ionyeshe sentensi moja. "Simu ilijiwasha upya kwa sababu ya joto." "Simu ilijiwasha upya kwa sababu ya hitilafu ya mfumo." Kwa Kiswahili na Kiingereza. Habari hiyo imo tayari, iliyobaki ni kuifungulia mlango. Pia, tengeni kile kipande kidogo cha kumbukumbu kwenye kila modeli, na mtoe masasisho kwa miaka inayoeleweka. Ripoti bila sasisho ni kama faili la hospitali bila dawa.

Nasi tunadaiwa. Programu yetu ikifunguliwa baada ya simu kujizima, jambo la kwanza kuonyesha liwe hali ya muamala wako wa mwisho: umekamilika, au haukutufikia. Usilazimike kutafuta. Wahudumu wetu nao waache kukujibu "labda ni mtandao" wakati hawajui.

Nawe mteja, simu ikikuzimia katikati ya muamala, fanya hivi:

Kwanza, tulia. Muamala hauishi ndani ya simu yako, unaishi kwenye daftari letu. Ama ombi lilitufikia likakamilika lote, ama halikufika na hakuna kilichokatwa. Pesa hazibaki njiani kwa sababu simu yako imeanguka.

Pili, usitume tena kabla ya kuangalia salio au taarifa fupi ya miamala. Ujumbe wa kuthibitisha unaweza kuchelewa. Wengi waliotuma mara mbili walikuwa na haraka ya dakika mbili tu.

Tatu, andika saa iliyotokea na ulichokuwa unafanya. Ikijirudia, angalia: ni kila ukifungua kamera? Ni kila ikipata moto? Maelezo hayo yanamsaidia fundi kuliko "ilizima tu". Kisha angalia kwenye mipangilio kama kuna sasisho la mfumo.

Nne, tofautisha simu kuzima na laini kukatika. Simu ikiwa inawaka vizuri lakini laini yako imekosa mtandao ghafla wakati walio karibu nawe wanao, inawezekana mtu anahamisha laini yako. Hapo usingoje, tafuta simu nyingine utupigie pamoja na kampuni ya laini yako mara moja.

Tano, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba nambari ya siri ili "kurekebisha" simu iliyozima. Hakuna.

Yule mama alipata jibu la pesa zake, zilikuwa zimefika kwa muuzaji, na viazi vikaondoka. Jibu la simu yake bado hajalipata. Simu yenyewe inalo, na tutaendelea kulidai kwa niaba yake.